Jinsi ya kumtembelea rafiki anayeishi kijiji cha ujamaa Ulaya, ukitokea Mafinga

Tangu nirudi Ujerumani kila ninayekutana naye ananiuliza viza, viza, viza, utadhani viza ndo ilikuwa kazi yenyewe. Ni kazi kweli na nitaieleza, ila kilichonitoa jasho mimi ni kingine: rafiki niliyemfuata haishi kwake. Anaishi na watu wengine karibu sitini kwenye kijiji ambacho hela ni ya wote, jiko la wote, gari la wote, hata godoro nililolalia lilipita kwenye kikao kwanza. Kwa hiyo ukienda ukidhani unaenda kwa fulani, umepotea kabla hujatoka stendi. Unaenda kwa kijiji.

Jamaa mwenyewe ni Mjerumani, fundi seremala, alikaa kwetu Mafinga miaka mitatu anafundisha vijana kazi ya mbao, mimi kipindi hicho nilikuwa nabeba mbao tu. Neno la kwanza alilolijua ni kamwene, salamu ya Kihehe, akawa anamsalimia kila anayepita mpaka mbuzi, jina likamganda, mpaka leo ni Kamwene. Kijiji chao sikitaji maana hawapendi wageni wa kuibuka, na nikikitaja hapa najua kuna mtu ataibuka.

Mzee wangu kazaliwa Ismani. Nilipomwambia naenda kukaa wiki tatu kwenye kijiji cha ujamaa Ulaya alinyamaza kidogo afu akauliza, "Waliswagwa?" yaani waliingizwa kwa nguvu kama ng'ombe? Wanaotoka Iringa wanaelewa, Krismasi ya 1971 mkuu wa mkoa Dokta Klerru alipigwa risasi kule Ismani na mkulima Saidi Mwamwindi kwa sababu ya haya haya mambo ya mashamba ya ujamaa, na Mwamwindi akaja kunyongwa, hivyo kwa mzee hilo neno sio la kuchezea. Nikamwambia hapana baba, hawa wameomba wenyewe, na ukiomba wanakuangalia tabia kwanza, miezi na miezi, ndo wanakukubali. "Yaani wanapanga foleni kuingia?" Alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Haya, hatua.

HATUA YA 1: Jua ni kijiji cha aina gani

Havifanani. Kuna vile ambavyo mapato yote yanaingia mfuko mmoja, mtu akilipwa mshahara mjini unakwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa wote, kama Niederkaufungen karibu na mji wa Kassel ambayo ilianza 1986. Kuna vile ambavyo ardhi na majengo ni ya pamoja ila kila mtu ana mfuko wake, Sieben Linden iliyoanza 1997 inajulikana zaidi kwa nyumba za marobota ya majani makavu zilizokandikwa udongo, ukiziona unaweza kusema ni Makete isipokuwa zina vioo vitatu dirishani. Denmark nako kuna Svanholm, tangu 1978. Swali la kumuuliza rafiki yako wasap ni moja tu: mshahara wako ni wako? Jibu lake litaamua hatua ya 3, na usione aibu kuuliza, kule hela wanaiongea mezani kama sisi tunavyoongea mvua.

HATUA YA 2: Aombe ruhusa kijijini kabla wewe hujaomba likizo kazini

Sisi mtu akisema karibu, umekaribia. Kule "karibu" ya rafiki yako ni ombi, bado halijapita. Lazima alipeleke kwenye kikao chao cha wiki, aseme mgeni ni nani, anakuja lini, atakaa siku ngapi, atalala wapi, anakula nini na hali nini. Mimi nilijadiliwa vikao viwili. Cha kwanza nilikwama kwa sababu wiki niliyotaka vyumba vya wageni vilikuwa na watu wa kozi, cha pili nikapita. Usinune. Hawakukatai wewe, wanahesabu vitanda.

Muulize pia wageni wanalipa shilingi ngapi kwa usiku. Ndio, unalipa, hata ukiwa rafiki wa miaka ishirini, vijiji vingi vina mchango wa mgeni kwa ajili ya chakula na shuka, wengine wanapunguza ukisaidia kazi. Mimi hii ilinichoma mwanzoni sitaki kudanganya, nikawa najiuliza Kamwene alikula ugali wa mama yangu miaka mitatu nani alimdai? Baadae nikaelewa kwamba yeye mwenyewe hana cha kunipa ambacho ni chake peke yake. Angetaka kunilipia angelipa kwa hela ya watu sitini.

HATUA YA 3: Makaratasi

Hapa niwe mrefu kidogo maana ndipo mnapoumia.

Pasipoti kwanza, shilingi 150,000, Uhamiaji mkoa wanapokea, huna haja ya kwenda Dar kwa hilo. Iwe na angalau miezi mitatu mbele baada ya siku ya kutoka Ulaya na kurasa mbili tupu. Viza ni ile ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, ya muda mfupi, mwisho siku 90 ndani ya siku 180, ada euro 90 kwa mtu mzima na ukinyimwa hairudi. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, ila ukisubiri hizo siku 15 unajitafutia presha kwa sababu miadi yenyewe inaweza kukosekana. Jibu kwa kawaida linatoka ndani ya siku 15 lakini wanaruhusiwa kuvuta mpaka 45. Bima ya safari lazima, isipungue euro 30,000, na iseme inafanya kazi nchi zote za Schengen.

Sasa udhamini. Ujerumani mwenyeji wako anaweza kwenda ofisi ya wageni ya wilaya yake akasaini karatasi inaitwa Verpflichtungserklärung, usijaribu kuitamka mbele ya wazee, kwamba gharama zako zote zikitokea la kutokea atalipa yeye. Anailipia euro 29. Ubalozi wanaipenda sana hiyo karatasi. Tatizo: ili asaini anatakiwa aonyeshe kipato chake, na Kamwene hana slipu ya mshahara! Anatengeneza madirisha ya kijiji mwaka mzima na hakuna anayemlipa. Ofisini alitazamwa kama mtu asiye na kazi, akarudishwa. Kilichotuokoa ni mama mmoja wa kijijini ambaye ni nesi hospitali ya mjini, mshahara wake unaingia mfuko wa wote lakini slipu inatoka kwa jina lake, akaenda akasaini yeye. Mtu ambaye hajawahi kuniona! Kwa hiyo kama kijiji cha rafiki yako ni cha mfuko mmoja, mwambie mapema atafute mwenzake anayefanya kazi nje ya kijiji, na kwenye barua ya mwaliko waeleze wazi kwa nini anayekualika na anayekudhamini ni watu wawili, la sivyo afisa wa viza atakuuliza na utaanza kubabaika.

Kwa upande wako wanataka waone utarudi. Barua ya mwajiri, leseni ya biashara, steitimenti ya benki ya miezi kadhaa isiyo na hela iliyodondoka jana yake kwa ghafla. Mimi nilipeleka hati ya kimila ya shamba langu la miti, heka nne za misindano ya miaka tisa, pamoja na picha. Kama una miti Mufindi au Njombe usiidharau, mtu mwenye miti iliyobakiza miaka michache kuvunwa hakimbilii popote, na ndivyo nilivyomweleza yule dada wa dirishani.

Na hili liandikeni kwa wino mwekundu: viza ya kutembea haikuruhusu kufanya kazi. Vijiji hivi vina kawaida ya mgeni kusaidia, kuosha vyombo, kumenya viazi, sawa, hata nyumbani mgeni anamenya viazi. Ila barua ya mwaliko isije ikasema "atakuja kutusaidia shambani", mwenyeji anaiandika kwa upendo wake wote, anayeisoma ubalozini anaona kibarua. Iandikwe ulivyo, rafiki anamtembelea rafiki.

HATUA YA 4: Nenda miezi ya joto

Mei mpaka Septemba, kwisha. Najua sisi wa baridi tunajiona tumeshiba baridi, Juni ya Mafinga umande unaganda kwenye majani, ndio, lakini Januari yao ni kitu kingine. Basi mpaka stendi ya Magufuli Mbezi, lala Dar usiku mmoja usicheze na foleni na matengenezo ya barabara, wa Mbeya wanaweza kupanda ndege Songwe. Ndege za bei ya kibinadamu zinapitia Addis Ababa, Doha au Istanbul. Chaja beba na adapta, soketi zao ni matundu mawili ya duara, plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa haiingii hata kwa kiberiti.

HATUA YA 5: Zawadi, na kipi kitatupwa kwenye pipa la forodha

Usimbebee rafiki yako zawadi ya peke yake. Mimi nilimshonea Kamwene shati la kitenge, akalivaa siku mbili, siku ya tatu nikaliona limevaliwa na kijana mwingine kabisa anapita nalo na toroli. Wana chumba cha nguo za wote! Beba vitu vya kuliwa au vya kutumika na wengi.

Nyama na maziwa ya aina yoyote hayaingii Ulaya kwenye begi la abiria, achana na habari ya kubeba nyama kavu. Matunda na mboga vinataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: ndizi, nanasi, nazi, tende na lile durian la Waasia. Kwa hiyo parachichi la Njombe, ambalo linakwenda Ulaya kwa makontena, wewe na begi lako huendi nalo. Inauma. Asali ruksa mpaka kilo mbili. Samaki wakavu ruksa, tena mpaka kilo 20. Majani ya chai ya Mufindi na kahawa ya Mbozi iliyokaangwa havikunisumbua. Na vikapu vya Iringa vile vya milulu, beba hata vitano uvipachike kimoja ndani ya kingine, ndiyo zawadi iliyodumu kuliko zote, vimewekewa mikate kwenye meza ya chumba cha kulia mpaka leo ananitumia picha.

Ile ruksa ya samaki niliichukua serious mno. Nilibeba kilo mbili za usipa wa Kyela. Asubuhi moja nikaona jiko liko wazi, nikajisemea ngoja niwape watu kitu cha ziwa Nyasa, nikachukua kikaango cha kwanza nilichokiona, mafuta, vitunguu, usipa ndani. Sijui kama mnajua usipa ukikaangwa kwenye nyumba iliyozibwa madirisha kwa ajili ya baridi harufu inakwendaje. Ilipanda ngazi. Ikaingia chumba cha mikutano. Akaja dada mmoja taratibu, hakufoka, akafungua madirisha yote moja baada ya jingine afu akanionyesha kikaango: mpini una utepe wa kijani. Vyenye utepe wa kijani havigusi nyama wala samaki milele, nusu ya kijiji hawali kiumbe chochote chenye macho. Nilikisugua kile kikaango robo tatu saa, Kamwene kasimama pembeni anacheka kwa Kihehe. Usipa wenyewe uliliwa na watoto wawili wa miaka kama nane, walimaliza sinia lote mpaka vichwa.

Kabla ya kupika uliza. Tafuta utepe.

HATUA YA 6: Kufika

Treni zao kata tiketi mapema mtandaoni, ile ya kasi ukiikata siku hiyo hiyo utalia. Ukikaa mwezi mzima kuna tiketi ya nchi nzima ya treni za kawaida, mabasi na tramu, kuanzia Januari 2026 ni euro 63 kwa mwezi, haipandi treni za kasi, na ni ya kujiandikisha kwa hiyo mwenyeji akusaidie kuifuta kabla ya tarehe 10 ya mwezi la sivyo inakata tena. Uwanja wa ndege mimi niligongewa muhuri, sa hivi kuna mfumo mpya walioanza kuuingiza Oktoba 2025, wanakupiga picha na taarifa zako zinakaa kwenye kompyuta badala ya muhuri, siku zako 90 mashine inazihesabu yenyewe.

Usitegemee kupokelewa na gari. Gari tatu za kijiji zina kalenda, na siku hiyo zote zilikuwa na wenyewe. Kamwene alikuja na baiskeli yenye tela, begi langu la kilo 23 likapanda kwenye tela, mimi nikapewa baiskeli ya pili niliyoletewa na kijana, kilometa sita. Nilifika nimelowa jasho nikiwa na suti.

HATUA YA 7: Kuishi

Siku ya kwanza tafuta ubao wa zamu. Ile methali yetu ya mgeni na jembe inasubiri siku ya tatu, hawa jina langu nilikuta limeshaandikwa kwenye vyombo vya Jumanne jioni, vyombo vya watu hamsini na kitu, ila wana mashine na muziki na inaisha mapema.

Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili na nusu, na mwezi wa sita jua linazama saa tatu na nusu usiku. Siku ya kwanza nilikuwa nasubiri giza liingie nisikie kuitwa. Giza lilipoingia vyombo vilikuwa vimeshaoshwa.

Choo. Vijiji vingi vya namna hii vina vyoo visivyotumia maji, unakaa, mkojo unakwenda mbele na kubwa linaanguka nyuma, ukimaliza unamwagia kopo la maranda. Maranda haya haya tunayowawekea vifaranga! Mtu wa Mafinga hapo yuko nyumbani. Wanaume pia mnakaa, kuna tangazo lenye mchoro.

Salamu: wote wanaitana majina, bibi wa miaka sabini na kitu unamwita jina lake kavu. Nilishindwa. Nikampa shikamoo, Kamwene akamfundisha marahaba, kuanzia hapo asubuhi bila shikamoo hasogezi siagi. Fuata moyo wako kwenye hilo, hakuna aliyekasirika.

Kikao ukialikwa nenda hata kama huelewi lugha. Hawapigi kura, wanaongea mpaka hakuna mwenye pingamizi, na mtu akikubaliana na msemaji hapigi makofi, ananyanyua mikono miwili anavitikisa vidole kimyakimya, ukumbi mzima unakuwa kama majani ya mgomba yanapigwa na upepo. Nilishuhudia saa nzima na dakika ishirini kuhusu kununua mashine ya kufulia. Kuna wakati nilitamani atokee mwenyekiti wa kijiji chetu agonge meza. Ila ilipopita, imepita, sikusikia mtu ananung'unika chini ya mti.

Na hela. Niliomba kuona. Ofisini kuna droo, ndani ya droo kuna boksi la bati, ndani kuna noti na daftari. Kamwene alifungua, akachukua euro 40, akaandika tarehe, kiasi, na neno moja, akafunga. Hakuna kufuli, hakuna mhasibu amekaa. Nikamuuliza umeandika nini, akasema "mgeni", tunakwenda mjini kesho. Nikabaki natazama lile boksi nikiwafikiria viongozi wangu wawili wa vikoba, siwataji.

Mengine haraka haraka: Jumapili maduka yamefungwa, nunua vocha na vitu vyako Jumamosi. Takataka zina mapipa manne na ukikosea mtu atalichambua pipa kwa mkono. Chupa ya plastiki ya soda usitupe, ukiirudisha dukani unapata senti 25. Ukitoka kwenye nyasi ndefu jikague miguuni, kupe wa kule wanaleta ugonjwa. Simu uliza, kuna vijiji hawataki simu iwake maeneo ya pamoja. Kupiga picha watoto wa watu usithubutu bila kuuliza.

HATUA YA 8: Kuondoka

Toa shuka mwenyewe, peleka kufuliwa, fagia chumba. Hesabu usiku zako, lipa, na waombe wakuandikie risiti maana ukiomba viza tena mwakani inasaidia, pamoja na vipande vya tiketi za ndege. Alama zako za vidole zinakaa kwenye mfumo wao karibu miaka mitano, safari ya pili inakuwa nyepesi kidogo.

Usimwachie rafiki yako hela mkononi kwa siri. Nilijaribu, kwenye bahasha. Alitembea nayo mpaka kwenye lile boksi, akaiandika.

Sasa Kamwene anataka kuja Mafinga mwaka huu, miti ikivunwa. Nauli amepeleka kwenye kikao mwezi wa pili. Ilikwama kwa sababu kuna mtu anahoji habari ya moshi wa ndege, wakapendekeza aje kwa treni na meli, wamepeleka kamati ndogo ikaangalie. Mpaka naandika hapa haijapita bado, na mama ananiuliza kila Jumapili kama mgeni anakuja ili ajue mahindi ya kusaga.